Usitupe Kaseti za Babu

Tanga,
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako yuko vizuri, goti tu ndilo linamsumbua asubuhi, na ameniagiza nikuulize kama kapu la maembe alilompa kondakta limekufikia salama.

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara tatu. Unasema umeshazihamisha kaseti zote 14 za babu yako kwenye flashi, flashi ni ya GB 32 na bado ina nafasi tele, na boksi la kaseti utalitoa siku ya taka kwa sababu chumba chako ni kidogo. Kwa kazi ya kuhamisha nakushukuru kwa moyo wangu wote, maana wengi wa rika lako wasingejisumbua. Lakini kaseti usizitupe. Kama boksi limeshafika kwenye pipa, iweke chini barua hii ukalichukue kwanza.

Ningeweza kukujibu kwa simu. Ila simu umeibadilisha mara mbili tangu mwaka juzi, na kila ukibadilisha tuliyoandikiana yote yanapotea. Karatasi hii iweke.

Flashi watu huiamini kwa sababu haina kinachozunguka wala kinachosuguana. Ndani yake kuna vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kila chumba kimefungiwa umeme kidogo. Umeme huo ndio sauti ya babu yako sasa. Kuta za vyumba ni nyembamba, umeme huvuja polepole, na joto huuharakisha. JEDEC, jumuiya ya kimataifa inayopanga viwango vya vifaa hivi, inataka diski ya SSD ya nyumbani, yenye vyumba vya namna hiyohiyo, iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake ishike data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30. Mwaka mmoja! Ikiwa mpya hushika muda mrefu zaidi, lakini hapo tunazungumzia diski ya kampuni inayojali viwango. Flashi ya kununua kwenye meza ya mtaani haikuahidi hata hilo. Zipo hata za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi ambayo hazina: unaandika, inakubali, ukirudi faili hazipo. Flashi ni ya kubebea. Ukiifunga kwenye droo ukaisahau, umeweka maji kwenye kikapu.

Nikueleze lililonipata mimi, ambalo mpaka leo linaniuma. Unajua nilikaa na makaratasi ya watu miaka 31, kwanza masijala, baadaye chumba cha nyaraka. Mwaka 2003 ofisini kwetu tulipata kompyuta na skana. Tukaagizwa tupige picha rejista za zamani, tuzichome kwenye CD, ili vitabu vyenyewe vipumzike. Kazi niliisimamia mwenyewe. Tulichoma CD 60, tukaziandika majina kwa kalamu ya wino mzito, tukazipanga kwenye kabati la chuma karibu na dirisha. Boksi lilikuwa na maandishi kwamba zitadumu miaka 100, nami nikaamini.

Mwaka 2012 akaja mama mmoja anatafuta jina la baba yake kwa ajili ya shauri la mirathi. Kitabu chenye jina hilo kilikuwa kimelowa mvua iliyovuja darini, kurasa zimegandana kama mkate. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tuna CD. Nikaiingiza, ikazunguka, ikazunguka, kompyuta ikaitema. Nikajaribu kwenye mashine nyingine, ikawa vilevile. Jioni ile nikazipitia zote 60, na 23 hazikufunguka kabisa. Yule mama alikaa kwenye benchi hadi saa tisa, kisha akajifunga mtandio wake akaondoka.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwa nini. CD ya muziki inayotoka kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. CD ya kuchoma ina tabaka la rangi, ambalo mwanga wa leza huliunguza hapa na pale ili lisomeke kama vishimo. Rangi hupauka. Khanga inayoanikwa juani kila siku unaijua inavyokuwa, na sisi kabati tuliliweka dirishani. Tena juu ya ile rangi kuna utando mwembamba wa kuakisi mwanga, na juu ya utando huo kuna vanishi tu, basi. Ndiyo maana mkwaruzo wa upande wa maandishi ni hatari kuliko wa upande unaong'aa. Sisi tulikuwa tukiulinda upande wa chini kwa kitambaa laini huku juu tukikandamiza kalamu.

Lakini hata hayo yote ningeweza kuyawahi. Kosa ninalojilaumu nalo ni kwamba tangu 2003 hadi siku aliyokuja yule mama sikuifungua hata CD moja kuona kama bado ipo hai. Kitabu kikiliwa na mchwa utaona vumbi sakafuni. CD hufa imekaa vilevile, inang'aa.

Na kuna kifo cha pili, mwanangu, ambacho mara nyingi hutangulia. Chombo kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini mashine ya kukisomea imekufa. Waingereza yaliwafika hayo mbele ya macho ya wote. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wao, nchi iliandikwa, nani ana shamba gani na ng'ombe wangapi, na kitabu hicho cha ngozi, Domesday, kipo London mpaka leo na kinasomwa. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900, BBC ikatengeneza Domesday mpya: picha, ramani na maandishi kutoka kwa watu wapatao milioni moja, wengi wao watoto wa shule, yote kwenye diski kubwa za leza zilizohitaji kompyuta na mashine maalumu. Haikupita miaka 20 wataalamu wakaanza kuhangaika namna ya kuziokoa, kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa zimebaki za kuhesabu. Waliziokoa, kwa kazi kubwa. Kile cha ngozi hakikumsumbua mtu.

Kisa kingine nakipenda zaidi, kwa kuwa ndani yake yumo mwanamke wa kazi yangu. Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilituma vyombo vitano viitwavyo Lunar Orbiter kuuzunguka mwezi na kuupiga picha, ili wajue wanaanga watatua wapi. Picha zilirushwa duniani zikanaswa kwenye kanda kubwa za sumaku, na kazi ilipokwisha kanda zikaenda stoo. Katika miaka ya 1980 mtunza nyaraka wa maabara ya JPL kule California, Nancy Evans, alikataa zitupwe. Zilikuwa kanda zipatazo 1,500. Naye alijua kwamba kanda bila mashine yake ni plastiki tu, kwa hiyo akazitafuta mashine za kuzisomea, Ampex FR-900, kila moja kubwa kama friji. Akaziweka nyumbani kwake, kwenye gereji, miaka na miaka, bila fedha ya kuzitengeneza na bila mtu wa kumsikiliza.

Mwaka 2007 wakatokea Dennis Wingo na Keith Cowing. Wakazichukua kanda na mashine hadi kituo cha NASA cha Ames, wakapewa jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's uliofungwa. Wakaunga kipuri hiki na kile, wakawatafuta wazee waliowahi kuzihudumia mashine zile enzi zake. Novemba 2008 wakaionyesha picha ya kwanza: dunia inachungulia juu ya ukingo wa mwezi, iliyopigwa Agosti 1966, safi kuliko watu walivyowahi kuiona. Miaka 42 picha ilikuwa imo ndani ya mkanda, nzima. Ilikuwa inangoja mashine, na mama mmoja aliyekataa.

Sasa kaseti zako. Kampuni ya Philips iliitoa kaseti ya kwanza mwaka 1963, na haikuwa na nia ya kuhifadhi historia ya mtu, ilikuwa ya kurekodia maneno tu. Lakini imetutendea wema. Mkanda wake ni plastiki imara iliyopakwa unga wa kutu ya chuma uliochanganywa na gundi, na ukiiweka mahali pakavu pasipo joto kali hukaa miongo kadhaa. Kanda nyingine ni wagonjwa zaidi. Zile za magurudumu makubwa za redio, hasa baadhi ya zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, gundi yake hunywa unyevu ikawa ulimbo, mkanda unanata kwenye mashine na kuacha tope. Mafundi huzioka kwa joto la nyuzi kama 54 kwa saa nyingi, kisha huwa na wiki chache tu za kunakili kabla hazijanata tena.

Za babu yako hazina ugonjwa huo, nilizikagua mwenyewe kabla hujazichukua. Adui zake ni unyevu wetu wa pwani, unaoleta kuvu nyeupe kama unga pembezoni mwa mkanda, na spika, kwa ajili ya sumaku yake. Ukiona kuvu usiipige kaseti hiyo, kuvu huingia kwenye mashine na kuziambukiza nyingine. Katikati ya kaseti, nyuma ya mkanda, kuna kisponji kidogo kinachousukuma mkanda uguse kichwa cha redio. Gundi ya kisponji hicho hukauka kikadondoka. Kaseti ya namna hiyo itasikika imefifia, mtu akadhani sauti imekufa, kumbe ni kisponji, na fundi anaweza kukihamisha kutoka kaseti nyingine.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutozitupa. Ulizihamisha kwa redio uliyoazima kwa jirani. Kila redio kichwa chake kimekaa kwa pembe yake, na pembe ikipishana kidogo na ya redio iliyorekodi, sauti inatoka kama mtu anayesemea nyuma ya pazia. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa inayorekebisha hilo. Nimesikiliza kipande ulichonitumia, na babu yako yuko nyuma ya pazia. Halafu umehifadhi kwa MP3 ya kilobiti 64. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti ambayo hesabu zake zinadhani sikio halitaikosa. Kwa wimbo wa kusikiliza njiani sawa. Kwa sauti ya marehemu, iliyo moja tu duniani, hapana. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, inashauri faili ya WAV isiyobanwa, angalau sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja ya namna hiyo ni kama GB 1, kwa hiyo kaseti zote 14 za dakika 60 hazifiki GB 15. Hata flashi yako ingezibeba na nafasi ikabaki. Ungetupa kaseti, pazia lisingefunguka tena.

Kuna jambo jingine ambalo sikukuambia ulipokuja. Kaseti zilikuwa 15. Ile ya 15 babu yako alikuwa anasimulia alivyoanza kazi reli akiwa kijana, safari ya Tanga hadi Moshi, majina ya stesheni yote na watu waliokuwa wakipanda na ndizi zao. Mmoja wetu, simtaji, alitaka kurekodi mpira uliokuwa unatangazwa redioni na hakuwa na kaseti tupu. Akabandika selotepu pale nyuma kwenye vitundu vya kuzuia kurekodi, akabonyeza. Tulipokuja kuisikiliza baada ya matanga, ni kelele za uwanjani mwanzo hadi mwisho. Sikupata kumlaumu, hata Wamarekani walifanya hivyo kwa safari yao kubwa. Kanda za asili zilizonasa ishara za picha za Apollo 11, watu walipokanyaga mwezi mwaka 1969, NASA ilizitafuta miaka kadhaa, na mwaka 2009 ikaeleza kwamba kwa uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumiwa tena, kwa kuwa wakati ule kanda zilikuwa haba. Picha tunazoziona ni za nakala za televisheni. Kwa hiyo kila kaseti itazame nyuma, vile vimeno viwili viwe vimevunjwa, na selotepu yoyote uibandue.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Kanuni hiyo aliieneza mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, na sijaona inayoishinda kwa watu wa kawaida kama sisi. Moja iwe kwenye diski ya nje hapo kwa baba yako. Diski hiyo nayo ina kichwa kinachoelea juu ya sahani inayozunguka kwa umbali mdogo mno, ikianguka imekwisha, na ikifanya kazi miaka mitano ishukuru na ununue nyingine. Ya pili ichukue ami yako Muscat, akija Desemba. Ya tatu iweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ukitaka, lakini nywila na jina la akaunti viandikwe kwenye daftari la bibi, maana malipo yakikatika au nywila ikisahaulika kampuni haina udugu na sisi.

Na kwa kila faili chukua alama yake ya kidole. Wewe ni mtu wa kompyuta, utaijua: SHA-256, herufi na tarakimu 64. Faili ikibadilika hata chembe moja, alama inatoka nyingine kabisa. Zichapishe kwenye karatasi. Kila mwaka siku ya pili ya Idd, tukiwa tumekusanyika, fungua diski, zipime faili zote, isikilizeni kaseti moja watoto wakiwepo. Ningefanya hivyo na CD zangu, yule mama angeondoka na jina la baba yake.

Usidhani naabudu karatasi. Kule Goa, India, katika hifadhi ya nyaraka, kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yanayojulikana, zimevuka bahari na miaka 300 bila umeme wala betri. Lakini kwenye sanduku la bibi yako zimo barua tatu za baba yake, za herufi hizohizo. Karatasi nzima, wino mzima. Nani anazisoma humu ndani? Mimi naokoteza neno moja moja. Baba yako hajui hata alifu. Anayezisoma ni bibi peke yake, na macho yake sasa anayabania kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi nayo ina mashine yake, nayo ni mtu aliyefundishwa kuisoma.

Mwaka 2019 UNESCO pamoja na hao IASA walipiga mbiu dunia nzima kwamba kanda za sumaku zihamishwe upesi, kwa kuwa kufikia 2025 au karibu na hapo mashine, vipuri na mafundi wake vingekuwa vimeadimika. Wakati huo nilifikiria redio tu. Wiki iliyopita ndipo nilipofikiria jambo jingine. Nilikuwa namsikilizisha bibi kile kipande ulichonitumia, cha kaseti ya sita, wanaume wanaozungumza barazani na mvua inanyesha. Mimi nilimtambua babu yako tu. Bibi akacheka, akanitajia wote wanne, mmoja baada ya mwingine, nani alikuwa fundi cherehani, nani alihamia Pemba, nani anakohoa pale na kwa nini anakohoa. Hayo hayamo kwenye mkanda, wala kwenye WAV. Yamo kwake, na ana miaka 86.

Kwa hiyo njoo kabla ya Idd, usingoje likizo ya Desemba. Kaseti zibebe mkononi, usiziweke kwenye buti la basi, kule kuna joto la kupikia. Lete kompyuta yako na daftari tupu. Redio kaseti ya nyumbani nimeipeleka kwa fundi wa Ngamiani, ameibadilisha mkanda wa mpira, na kichwa nimekisafisha mwenyewe kwa spiriti. Ipo mezani, inafanya kazi.

Ni mimi,
Shangazi yako